Maswali ya Wasomaji: Kumkumbuka Profesa John Mbiti

Katika toleo lililopita tulimtaja marehemu Profesa John Samuel Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, kwa mstari mmoja tu, tulipokuwa tukijibu swali kuhusu matambiko. Barua zilizokuja baada ya hapo zimetufanya tuutoe ukurasa wote wa mwezi huu kwa ajili yake. Tumechagua barua nne na kuzifupisha pasipo kubadili maana.

Ndugu Mhariri, ninafundisha Elimu ya Dini ya Kikristo katika shule ya sekondari huku Kitui. Wanafunzi wangu hulikariri jina la Mbiti kwa ajili ya mtihani, lakini wengi hawajui kwamba alizaliwa jirani na kwao, na mmoja aliniuliza kama alikuwa padri wa Kizungu. Nisaidieni kuwaeleza maisha yake, si vyeo vyake peke yake. Alikuwa mtu wa namna gani?
*Mwalimu, Kitui*

Mwalimu, waambie kwamba alizaliwa Mulango, hapo hapo Kitui, tarehe 30 Novemba 1931, katika nyumba ya wakulima, na kwamba Kikamba ndicho alichoanza kukisema na ndicho alichokuja kumalizia kazi yake. Mulango kilikuwa kituo cha misheni. Mtoto wa mahali kama pale alikulia kati ya kengele ya kanisa na hadithi za jioni, na wakati ule wengi waliomfundisha dini wangemtaka ashike kimoja na kukiacha kingine. Mbiti alishika vyote viwili. Miaka mingi kabla hajaitwa daktari wa theolojia alikuwa tayari amechapisha hadithi kwa Kikamba, na mwaka 1966 mkusanyo wake wa hadithi za Wakamba ulitolewa kwa Kiingereza na wachapishaji wa Oxford.

Njia ya masomo yake ilikuwa ndefu: Alliance High School, kisha Makerere alikohitimu mwaka 1953, kisha Barrington College katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, na mwisho Cambridge, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1963. Utafiti wake wa Cambridge ulichunguza jinsi mafundisho ya Agano Jipya kuhusu mwisho wa dunia yalivyopokelewa na Wakamba, watu ambao lugha yao haikuwa na mazoea ya kuuzungumzia mwisho wa namna hiyo. Aliwekewa mikono kuwa padri wa Kanisa la Anglikana, akahudumu kwa muda mfupi huko Uingereza, na mwaka 1964 akarudi Makerere akiwa mwalimu.

Hapo Makerere alipewa kufundisha dini za jadi za Afrika, somo ambalo yeye mwenyewe hakufundishwa darasani popote alikopita. Ilimbidi alitengeneze, akisoma, akiuliza na kuwasikiliza wanafunzi waliotoka makabila mbalimbali. Mihadhara hiyo ndiyo iliyozaa kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, ambacho bado kinasomwa katika vyuo vingi duniani. Mwaka uliofuata alitoa kingine, alimokusanya yale ambayo makabila yapatayo 270 yalikuwa yakisema juu ya Mungu: majina wanayomwita, sifa wanazompa, na sala wanazomtolea. Ili kuuona uzito wa kazi hiyo ni lazima kukumbuka kwamba siku zile vitabu vingi vya Ulaya vilikuwa bado vinaiita imani ya wazee wetu ushenzi au uchawi, na kwamba vijana wetu wenyewe walikuwa wakivisoma na kuviamini.

Umeuliza alikuwa mtu wa namna gani. Mwaka 1965 alioa mke kutoka Uswisi, nao wakajaliwa watoto wanne, mvulana mmoja na wasichana watatu. Mwaka 1974 familia iliondoka Uganda, kwa kuwa alikuwa ameitwa kuiongoza Taasisi ya Kiekumene ya Bossey, karibu na Geneva, iliyo chini ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Aliiongoza hadi mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafanya jambo ambalo wengi wanaomwandika hulipita haraka, nasi tunaona kwamba hapo ndipo mtu mwenyewe anapoonekana vizuri zaidi: akawa mchungaji wa usharika wa kawaida huko Burgdorf, mji mdogo katika mkoa wa Bern, na akakaa katika kazi hiyo miaka 15, hadi mwaka 1996.

Waeleze wanafunzi wako maana yake. Mtu ambaye jina lake lilikuwa likisomwa kuanzia Ghana hadi Marekani alikuwa akiandaa mahubiri ya Jumapili kwa Kijerumani, akibatiza watoto wa watu, akifungisha ndoa, akiwatembelea wagonjwa na kuwazika wafu wa mji uliokuwa ugenini kwake. Pamoja na hayo alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Bern. Kwa karne nzima Ulaya ilikuwa imetuletea wachungaji. Huyu alikuwa mchungaji kutoka Kitui, na watu wa Burgdorf ndio waliokuwa kondoo zake.

Alipostaafu hakupumzika. Aliketi na Agano Jipya la Kigiriki akalitafsiri lote kwa Kikamba, moja kwa moja kutoka lugha ya asili, na tafsiri hiyo ikachapishwa nchini Kenya mwishoni mwa mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 83. Alifariki huko Uswisi Oktoba 2019, akiwa na miaka 87. Tunakushauri, Mwalimu, siku utakapomfundisha tena, uanze na tafsiri hiyo. Mwambie mwanafunzi mmoja asome sura moja kwa sauti, halafu ndipo uwaambie kwamba aliyeitafsiri ni yule yule wanayemkariri kwa ajili ya mtihani.

Bwana Mhariri, salaam aleikum. Mimi ni mzee wa Tanga, nimekisikia Kiswahili tangu tumboni mwa mama. Mjukuu wangu aliyeko chuo kikuu ananiambia kwamba huyo profesa aliandika kuwa Mwafrika ana "sasa" na "zamani" tu, na wakati ujao hana. Hayo maneno mawili ni yetu. Je, aliyatumia sawasawa? Na sisi tusemao kesho na keshokutwa tumekuwaje?
*Mzee, Tanga*

Waaleikum salaam, Mzee wetu. Mjukuu wako amesema kweli, na swali lako limewahi kuulizwa na wanafalsafa wakubwa, ila wao hawakuwa na mtondogoo mkononi kama wewe.

Profesa Mbiti aliyachukua maneno sasa na zamani kwa makusudi, akisema kwamba maneno ya Kiingereza yangemvuta msomaji kwenye fikra za Kizungu za wakati unaokwenda mbele kama mstari ulionyooka. Akayapanua. Sasa, katika matumizi yake, si nukta hii tunayozungumza tu. Ni kipindi chote ambacho mtu anakiishi na kukikumbuka, pamoja na yale yaliyo karibu sana kutokea, kama vile mvua zinazotarajiwa au mtoto ambaye mimba yake imekwisha kuonekana. Zamani nayo si jana na juzi. Ni bahari ambamo kila lililowahi kuwa sasa huishia, na humo tukio halina tena kabla wala baada. Kwa hiyo, kwake yeye, wakati haukimbilii mbele. Unarudi nyuma, kutoka sasa kuingia zamani, na mtu anapokufa naye huanza safari hiyo hiyo polepole.

Sisi tunaomsoma kwa Kiswahili tunaona kwamba neno zamani alilichagua vizuri, labda vizuri kuliko walivyotambua wasomaji wake wa ng'ambo. Neno hili asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni wakati wenyewe, kipindi, enzi. Ni katika kinywa chetu ndipo lilipoegemea upande wa yaliyopita, na bado lina ndugu yake, zama, ambalo halijaegemea upande wowote, kwa kuwa tunasema zama za kale na pia zama hizi. Mtu anayetaka jina la wakati unaomeza kila kitu hakosei akilitumia.

Palipo na shida ni pale aliposema kwamba wakati ujao karibu haupo. Ushahidi wake mkuu ulikuwa nyakati za vitenzi katika Kikamba na Kikikuyu. Alizipanga katika jedwali, akaonyesha kwamba zile za mbele hazivuki miezi kama sita, au zikizidi sana miaka miwili, na kwamba hakuna neno mahsusi la siku za mbali zijazo. Kisha kutoka lugha hizo mbili akasema juu ya Afrika nzima. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwame Gyekye, alimjibu kwa kuonyesha kwamba Waakani wana maneno ya wakati ujao wa mbali. Nasi twaweza kumjibu kwa maneno yako, Mzee: kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo, na kiambishi -ta- ambacho hakijawekewa mpaka wa miezi wala miaka. Baba anayepanda mnazi anajua kwamba atakayemaliza kuula ni mjukuu.

Hata hivyo tunakuomba usilitupe wazo lote. Lisome kama jibu la mchungaji aliyekuwa akijiuliza kwa nini mahubiri juu ya siku ya mwisho yaliwatisha watu wa Kitui kana kwamba siku hiyo ni wiki ijayo. Alieleza kwamba watu hao walipoambiwa kuwa Yesu atarudi, lugha yao iliwaambia kuwa atarudi karibuni, kwa sababu haikuwa na mahali pa kuliweka tukio la mbali. Kwa jambo hilo mahsusi, katika lugha hiyo mahsusi, alikuwa akisema kile alichokishuhudia.

Ndugu Mhariri, ninasoma theolojia Kampala. Tumefundishwa kwamba Okot p'Bitek alimshambulia Mbiti vikali. Ikiwa alikosea, kwa nini tuendelee kumheshimu?
*Mwanafunzi, Kampala*

Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Kiacholi, alitoa mwaka 1970 kitabu chenye hoja kali dhidi ya wataalamu wa Ulaya waliochunguza dini za Afrika, na pia dhidi ya Waafrika waliofuata nyayo zao. Alisema kwamba wasomi Wakristo wa Kiafrika, na Mbiti akiwemo, wameivisha miungu ya Afrika kanzu za Kigiriki, wakaipa sifa za kuwa wa milele, mjuzi wa yote na muumba wa yote, ili ifanane na Mungu wa kanisani.

Mfano aliousimulia hausahauliki. Mwaka 1911 mapadri waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha ya wazee hao haikuwa na neno la kuumba, basi swali likageuzwa likawa ni nani aliyewafinyanga. Wazee wakajibu kwamba mtu hufinyangwa na tumbo la mama yake. Walipozidi kubanwa wakakumbuka kwamba kuna jok, yaani roho, anayewapinda watu uti wa mgongo wakawa na kibyongo, aitwaye Rubanga. Na hivyo mapadri wakaandika kwamba Rubanga ndiye Muumba. Msomaji wa vitabu vya Mbiti hana budi kuubeba mfano huo kila anapoona orodha ya makabila yaliyosemekana kumwamini Mungu mmoja muumba, kwa maana orodha nyingine zilitoka katika maandishi ya watu wa aina ya wale mapadri.

Lakini swali lako lina mtego ndani yake, ndugu mwanafunzi, nalo ni kudhani kwamba heshima ya mwalimu hutegemea kutokukosolewa. Mbiti aliamini kwa moyo wake wote kwamba Mungu aliyeabudiwa na bibi zake ndiye aliyejidhihirisha katika Kristo, na aliandika kwamba wamisionari hawakumleta Mungu Afrika, bali Mungu ndiye aliyewaleta wamisionari. Hiyo ni imani, na Okot aliikataa kwa sababu hakuwa nayo. Wote wawili waliwakataza wageni kuwasemea wazee wetu. Wasome pamoja, na unapoandika insha yako usimfanye mmoja fimbo ya kumpigia mwenzake.

Mzee Mhariri, shikamoo. Baba yetu alifundisha masomo ya dini chuoni kwa miaka mingi, na amefariki mwaka jana. Tunataka kutoa kijitabu siku ya kumbukumbu yake. Kaka zangu wanataka kiwe na shahada zake, makala zake na picha akiwa na maaskofu. Mama anasema, "Andikeni alivyokuwa akituombea." Wajukuu wengine wako nje ya nchi na hawakumfahamu. Je, tufuate yupi?
*Binti yake, Morogoro*

Marahaba, binti yetu, na pole sana kwa msiba.

Tumeiweka barua yako mwisho kwa sababu zote zilizotangulia zinaelekea hapa. Marehemu Profesa Mbiti aliandika kuhusu watu aliowaita wafu walio hai, yaani wale waliokufa ambao bado wapo wanaowakumbuka kwa majina. Alieleza kwamba mtu wa namna hiyo hajaondoka kabisa; anahesabiwa katika nyumba, anatajwa, anaulizwa juu ya mambo ya ukoo, na hali hiyo huendelea kwa vizazi vinne au vitano, mpaka atakapokufa mtu wa mwisho aliyemfahamu kwa uso na kwa jina. Hapo ndipo anapotoka katika sasa na kuingia zamani. Ndiyo maana ndoa na watoto vilikuwa kwake jambo la dini kabisa: aliandika kwamba katika ndoa hukutana waliokufa, walio hai na wasiozaliwa bado. Mwislamu au Mkristo anaweza kuyapokea mafundisho hayo kwa mipaka ya imani yake. Katika nyumba yenu yanamaanisha kwamba wale wajukuu walioko nje ndio hasa mnaowaandikia.

Sasa tukusimulie kisa alichokitunga profesa mwenyewe, kwa kuwa kinajibu swali lako kuliko sisi. Kijana wa Kiafrika alikwenda ng'ambo akasomea theolojia miaka mingi. Akajifunza Kijerumani, Kigiriki, Kifaransa, Kilatini na Kiebrania, akapata udaktari, akarudi na mizigo ya vitabu iliyozidi kipimo cha ndege. Kijiji kizima kikakusanyika, ngoma zikapigwa, ndama akachinjwa. Katikati ya sherehe dada yake mkubwa akapiga yowe, akaanguka. Kijana akaagiza apelekwe hospitali. Wakamwambia kwamba hospitali iko maili 50 na kwamba dada amepandwa na pepo wa ndugu aliyekufa. Chifu akamwambia kwamba amesoma theolojia miaka kumi, basi na amsaidie dada yake. Kijana akafungua kitabu cha mwanatheolojia Bultmann, akatafuta kwenye faharasa, akakuta imeandikwa kwamba pepo hawapo.

Mtu aliyeandika kisa hicho alikuwa yeye mwenyewe daktari wa theolojia aliyerudi nyumbani na vitabu. Alijua uchungu wa swali la chifu. Tunaamini kwamba ndilo swali ambalo kijitabu chenu kinapaswa kulijibu kuhusu baba yenu: dada alipoanguka, yeye alifanya nini? Mtoto alipougua usiku, je, alishika Biblia, alishika mkono wa mama, aliwasha gari, au alifanya vyote vitatu? Mama yenu anapowaambia muandike alivyokuwa akiwaombea, hawapunguzii baba usomi wake. Anawaambia mahali ambapo usomi huo ulikwenda kufanya kazi.

Kaka zako nao wasikilizwe. Orodha ya makala na vyuo iwekwe, kwa ufupi na kwa usahihi wa miaka, kwa sababu wanafunzi wake wataitafuta na kwa sababu kazi hiyo ilikula saa ambazo ninyi watoto mlimkosa nyumbani. Si haki kuificha. Picha na maaskofu moja yatosha. Halafu kurasa zinazobaki, ambazo ziwe nyingi, mpeni mama azungumze, na mmoja wenu amrekodi kwa simu bila kumkatiza. Andikeni maneno kama alivyoyasema, hata kama anachanganya Kiswahili na lugha ya nyumbani. Andikeni alivyokuwa akiitwa: na mama yake, na wanafunzi, na mkewe, na ninyi. Ulizeni majirani alikuwa akipita saa ngapi na akisalimia vipi. Andikeni sala aliyokuwa akiirudia mezani, kwa lugha aliyoisali, kisha chini yake mtafsiri kwa ajili ya wale wa ng'ambo. Msimtungie sifa asizokuwa nazo. Mjukuu akija kusikia kwa mwingine kwamba babu alikuwa mkali na kijitabu kinasema alikuwa mpole, hatakiamini hata pale kinaposema kweli.

Na kama kati ya wajukuu yuko aliyepewa jina lake, nakala ya kwanza apewe huyo somo wake, hata kama bado hajajua kusoma.